Kompyuta Tatu kwa Nyimbo Kumi na Moja

Shemeji yangu hawezi kununua ufagio. Naanzia hapo kwa sababu ukishamwelewa kwenye ufagio, kwenye kompyuta hutashangaa. Mwaka mmoja ufagio wa nyumbani kwao ulibaki kijiti, akaleta fagio tatu kutoka maduka matatu, akazitundika ukutani kule uani, kila moja na kikaratasi chake chenye namba. Kwa wiki mbili alifagia kipande kimoja cha uwanja kwa kila ufagio na kuandika alama kwenye daftari. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, wiki hizo mbili alifagia nyumba nzima kwa kile kijiti.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa afisa ununuzi katika ofisi za mji. Wenzake walimwita Vielelezo, kwa kuwa kila ombi lililofika mezani kwake, liwe la wino au la kufuli la choo, lilirudi limeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Vielelezo viko wapi?" Alistaafu bila doa lolote. Alistaafu pia bila kiti kizuri, maana kiti alichojiombea mwaka wa kwanza wa kazi kilikuwa bado kwenye mchakato. Watu wenye midomo wanasema hata alipooa alilinganisha wachumba watatu. Dada akisikia hivyo anacheka na kusema yeye alikuwa peke yake kwenye orodha, ndiyo maana mambo yalikwenda haraka.

Dada alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Sauti yake, jamani, sijui niieleze vipi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ambayo mtoto anayelia akiisikia ananyamaza ili ajue inatoka wapi. Akiosha vyombo alitunga nyimbo, na kwa miaka yote hiyo zilifika kumi na moja. Hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwake, na aliziimba jikoni tu, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ana haya ya ajabu kwa mtu aliyekaa mbele ya watoto maisha yake yote.

Basi koo likaanza kumkwaruza. Tukadhani mafua. Daktari wa koo akamwangalia kwa kile kimrija chenye taa, akatuita sote watatu ndani, akasema kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti na lazima uondolewe. Tarehe ilikuwa baada ya wiki sita. Nikamuuliza kuhusu sauti. Akasema sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi, na inaweza kurudi ya mtu mwingine. Mpaka siku hiyo Dada asipige kelele na asiimbe ovyo. Kama kuna kitu anataka kuimba, aimbe mara moja, kwa utulivu, basi.

Tulipofika nyumbani, Shemeji alisimama katikati ya sebule na kofia yake mkononi.

"Mwalimu," akamwambia Dada, maana humwita hivyo tangu walipojuana, "nyimbo zako zitarekodiwa. Hapahapa nyumbani. Nitakujengea studio."

Dada akalia. Mimi pia nikalia, na mimi si mtu wa kulia hovyo. Laiti ningejua kilichokuwa kinakuja, ningeyatunza machozi yangu.

Stoo yao iko kati ya jikoni na chumba cha kulala. Tuliondoa masanduku, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele na magunia matupu, tukabandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, tukatundika magodoro mawili ya zamani mlangoni. Maikrofoni iliazimwa kwa mtu. Yote hayo yalichukua siku tatu, nami nikaanza kumsifu Shemeji moyoni. Kilichobaki kilikuwa kompyuta ya kurekodia. Asubuhi ya siku ya nne nikaitwa, nikakuta viti sita sebuleni vimepangwa mviringo na daftari jipya juu ya meza.

"Shemeji," akaniambia, "wewe una mwandiko mzuri. Utakuwa katibu."

"Katibu wa nini?"

"Wa Kamati ya Kuchagua Mfumo wa Kompyuta kwa Ajili ya Studio ya Nyumbani."

Wajumbe walikuwa wamekwishafika. Wa kwanza alikuwa mpiga kinanda wa maharusi, kijana wa makamo anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, naye alikuwa mtu wa Mac. Wa pili alikuwa Mama Steshenari, mwenye duka la kuchapisha barua pale kona, mtu wa Windows. Wa tatu alikuwa Fundi Friji, jirani, aliyekuja na bisibisi mfukoni kama kawaida yake. Huyu alikuwa mtu wa Linux, na alikuwa ameiweka Linux kwenye kompyuta yake, ya mke wake, na nadhani kama friji lingekubali angeiweka huko pia. Kila mmoja aliahidi kuleta kompyuta yake iazimwe kwa majaribio. Bei ingekuwa ajenda ya mwisho, na nikuambie mapema kwamba hakuna aliyefika huko.

"Na Dada?" nikauliza. "Hajaitwa?"

Shemeji akavua miwani. "Mwalimu ndiye mtumiaji wa mwisho. Akikaa kwenye kamati kutakuwa na mgongano wa maslahi."

Dada alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Ili asionekane ametengwa, mtumiaji wa mwisho alipewa fomu ya mahitaji yenye kurasa nne. Dada akaijaza kwa dakika moja. Palipoandikwa "Eleza mahitaji yako kwa kina", aliandika: "Nataka kuimba." Fomu ikarudishwa kwake na kalamu nyekundu, kwamba maelezo hayajitoshelezi. Akaongeza: "Nataka kuimba kabla ya upasuaji." Ikarudishwa tena, vielelezo viko wapi. Mara ya tatu aliambatisha karatasi ya daktari na ganda la kitunguu. Shemeji aligonga muhuri vyote viwili.

Wiki ya pili ilikuwa ya hotuba. Kila mjumbe alipewa nusu saa kueleza mfumo wake, na hakuna aliyetumia chini ya saa mbili. Mpiga kinanda alisema wanamuziki wote anaowaheshimu hutumia Mac. Akaulizwa ni wangapi, akasema wawili, na mmoja wao ni yeye. Mama Steshenari alisema Windows anaijua kila mtu, ukikwama unatoka nje ya mlango unamshika mpita njia wa kwanza, anakusaidia. Shemeji alitaka ushahidi, wakatoka nje wakamshika mpita njia wa kwanza. Alikuwa anauza miswaki. Akasaidia kweli, halafu akakaa nasi mpaka mwisho wa kikao, na kwenye muhtasari nimemwandika kama mwalikwa. Fundi Friji kwa upande wake alisema Linux ni ya bure na unaweza kuifungua uone kila kilichomo ndani. Nikamuuliza mtu anayetaka kuimba anafungua ili aone nini. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Dada yangu, raha yenyewe ndiyo hiyo."

Mimi nilikuwa naandika, hasira zinanipanda mpaka kwenye vidole. Siku kumi na mbili zilikuwa zimeshakwenda.

Wiki ya tatu kompyuta zikaja zote tatu, zikapangwa stooni kwenye meza ya kupigia pasi. Ikaja ajenda ya majaribio ya kurekodi. Sasa, Dada hakuruhusiwa kuimba ovyo, na Shemeji hakutaka sauti yake itumike kwenye majaribio hata kidogo. Mpiga kinanda akajitolea kuimba yeye, kukatokea pingamizi la wajumbe wote waliobaki. Mwisho wake ikaamuliwa kwamba kitakachorekodiwa ni mwenyekiti, yaani Shemeji mwenyewe, akisoma muhtasari wa kikao kilichopita.

Alisoma wote. Mara tatu, mara moja kwa kila mfumo. "Yatokanayo na kikao cha tatu. Wajumbe walijadili kwa kina suala la mkono wa maikrofoni." Alisoma kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Kilichonishangaza ni kwamba mifumo yote mitatu, iliyokuwa imetuchukulia wiki nzima ya kelele, ina kitufe kilekile cha kurekodia. Kiduara chekundu. Unabonyeza, inarekodi. Nikanyoosha mkono nikalisema hilo kwenye kikao. Shemeji akanijibu kwa upole kwamba katibu hana hoja.

Kisha ikaja siku ya kusikiliza. Ili pasiwe na upendeleo, rekodi zilipewa namba, na wajumbe wakafungwa vitambaa machoni. Sijui macho yanahusiana nini na masikio, lakini walifungwa. Wakakaa pale sebuleni watatu, wameinua nyuso juu, wakimsikiliza Shemeji akisoma habari za mkono wa maikrofoni mara tatu mfululizo. Mama Steshenari alisinzia kidogo kwenye ya pili. Mwishoni kila mmoja akasema aliyoipenda. Mpiga kinanda alisema namba moja ina joto, unaisikia kifuani. Mama Steshenari akasema namba tatu ni safi, kama shuka lililotoka kuanuliwa. Fundi Friji alisema namba mbili, hakuna ubishi, nyingine hizo ni takataka.

Vitambaa vikafunguliwa. Namba moja ilikuwa Linux. Namba tatu ilikuwa Mac. Namba mbili, ile ya Fundi Friji, ilikuwa Windows.

Sijawahi kuona watu wazima wakitafuta viatu vyao haraka namna ile.

Alama zikajumlishwa kwa fomu: sabini na moja, sabini na moja, sabini na moja. Nilijumlisha upya mara mbili nikidhani ni macho yangu. Kwa taratibu zao, kura zikilingana mwenyekiti ana kura ya turufu. Sote tukamgeukia. Alichukua kalamu, akaiangalia ncha yake, akairudisha mfukoni.

"Mwenyekiti hapaswi kuonekana ana upande," akasema. "Tutarudia mchakato. Lakini kwanza tutoe siku kumi na nne za malalamiko."

"Malalamiko ya nani?" nikauliza. Nilikuwa nimesimama.

"Ya yeyote asiyeridhika."

Wakalalamika wote watatu, kila mtu akilalamikia kura yake mwenyewe. Shemeji akazifunga kompyuta kwa karatasi na lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua za siri, akatia saini juu yake ili asiziguse mtu mpaka siku ziishe. Hata waya wa kuongezea umeme aliutia ndani ya sanduku akaupiga lakiri, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya ushahidi. Dada alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Mwenyekiti," akamwambia, "na mimi utanipiga lakiri?"

"Mwalimu, mambo mazuri hayataki haraka."

"Wewe hutaki haraka. Koo langu hujaliuliza."

Akaenda zake jikoni. Siku hizo alikuwa ameanza kuzungumza kwa kunong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa na mkwaruzo ndani yake. Nilimfuata nikamwambia twende tukamtafute mtu mwingine atuazime kitu chochote chenye kiduara chekundu, tumalize leo. Akatikisa kichwa. Alisema mumewe alimwahidi, na yeye anataka iwe kwa mkono wa mumewe. Nikamwambia atangoja mpaka azeeke. Akasema ameshazeeka, sasa anangoja tu. Nilikasirika nikavunja kikombe, kwa bahati mbaya, ingawa si kwa bahati mbaya sana.

Siku ya nane ya malalamiko, Jumanne asubuhi, hospitali ikapiga simu. Mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi imepatikana, Dada aje Alhamisi saa moja asubuhi, na asikose kwa sababu uvimbe wa namna ile haufai kungojewa. Nilipokea mimi. Dada akaitikia kwa kichwa na kuanza kutafuta kanga safi za kwenda nazo. Nikaenda stooni kumtafuta Shemeji.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta zilizopigwa lakiri, anaandika barua. Nikasoma juu ya bega lake. Ilikuwa inakwenda hospitali. "Kuh: Ombi la kusogeza mbele tarehe ya upasuaji ili kupisha ukamilishaji wa mchakato."

Niliichukua ile barua nikaichana. Niliichana vipande vinne, halafu nikavichana vile vipande.

"Shemeji!"

"Usiniite Shemeji. Leo usiniite. Mwanamke ana siku moja ya sauti yake, wewe unaomba nafasi ya mchakato? Kura ya turufu ulikuwa nayo! Ungesema neno moja tu, lolote, hata ungerusha shilingi. Una nini wewe?"

Nilitegemea aniambie vielelezo. Badala yake aliinama akaanza kuokota vipande vya barua, kimoja kimoja, akivipanga kwenye kiganja. Hapo ndipo nikaacha kupiga kelele.

"Shemeji," akasema bila kuinua uso, "tukishamrekodi tumemaliza."

"Ndiyo. Si ndicho tunachotaka?"

"Tukimaliza, ni kama nimetia saini kwamba iende." Akaweka kipande kingine kiganjani. "Ile sauti ndiyo inayoniamsha. Saa haijawahi kuniamsha, ni yeye huko jikoni. Miaka thelathini na minane. Nimefikiri kama studio haijawa tayari, basi na ile siku nayo haijawa tayari. Najua ni upuuzi. Mimi si mjinga, Shemeji. Naogopa tu."

Nilikaa chini kwenye gunia, nikamwonea huruma mpaka nikaona aibu kwa yale matusi yote niliyomtukana moyoni kwa wiki tano, na mengine niliyoyaandika pembeni mwa muhtasari. Nikamwambia naogopa na mimi. Nikamwambia pia kwamba Alhamisi itafika hata asipoitia saini. Akasema anajua.

Kesho yake saa tisa mchana Dada aliingia stooni mwenyewe. Amevaa gauni lake la kahawia, lile la mikutano ya wazazi, na nywele amechana. Alipita katikati ya magodoro, akakaa kwenye kiti mbele ya maikrofoni, akakunja mikono mapajani.

"Mwenyekiti," akanong'ona, "fungua yoyote."

Shemeji alizitazama zote tatu. Akasema, "Ipi, Mwalimu?" na Dada akasema hajali ipi, hata ingekuwa pasi. Moja tu ilikuwa na betri, nayo ilikuwa imelala siku tisa na haikuwa na chaji hata chembe. Zote zilihitaji umeme, na soketi ya stoo ni moja tu, karibu na mlango, na waya wa kuongezea ulikuwa umepigwa lakiri sandukuni. Shemeji alivuta waya wa kompyuta ya kwanza, haukufika. Akavuta wa pili, ukabakiza kama shibiri moja. Wa tatu ukafika.

Basi ikachaguliwa hiyo. Wiki tano, vikao tisa, kurasa mia moja na kumi na mbili za muhtasari kwa mwandiko wangu mzuri, na aliyepiga kura ya turufu alikuwa urefu wa waya. Ilikuwa ya nani, sisemi. Wale wajumbe watatu mpaka leo kila mmoja anajua moyoni kwamba ilikuwa ya kwake, nami siwezi kuwaharibia.

Nikamletea Shemeji kisu cha jikoni. Aliikata lakiri yake mwenyewe, iliyo na saini yake mwenyewe, na uso alioufanya ni kama wa mtu anayetolewa jino. Kompyuta ikawaka. Nikabonyeza kile kiduara.

Dada akaimba.

Mkwaruzo ulikuwepo, sitadanganya, lakini ulikaa pembeni, kama mgeni aliyejua si zamu yake. Aliimba wa kwanza, ule wa mtoto aliyechelewa shule kwa sababu alikuwa anahesabu sisimizi. Aliimba wa pili na wa tatu. Baina ya nyimbo alikunywa maji vijiko viwili na kuitikia kwa kichwa kwamba tuendelee. Shemeji alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye trei za mayai, macho kayafumba. Wa nne, wa tano. Wa sita ni wa mama yetu, na huo siwezi kuusimulia.

Katikati ya wa saba sauti ikakatika. Haikufifia wala haikuchoka. Ilikatika tu, kama uzi wa cherehani. Alifungua kinywa tena, ukatoka upepo. Akajaribu mara ya tatu, akajishika koo kwa mikono miwili, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari niliona ana hofu. Nyimbo nne na nusu zilikuwa zimebaki, na zilikuwa zimecheleweshwa na huyu mwanamume aliyekaa chini hapa. Nilitaka kumrukia Shemeji nimng'ate.

Ndipo Shemeji aliposimama. Akaja akainama kwenye ile maikrofoni, akakohoa kidogo, akaendelea na wimbo wa saba pale ulipokatikia.

Nielewe vizuri. Shemeji hajui kuimba. Si kwamba haimbi vizuri. Kwenye maharusi huombwa apige makofi tu, na makofi yenyewe hayaendi na wengine. Aliimba kwa sauti ileile ya kusomea muhtasari, pua ikisaidia, akipanda pasipopandwa. Lakini maneno aliyajua. Aliyajua yote! Alimaliza wa saba akaingia wa nane bila kusita, na mstari ambao Dada huurudia mara mbili, aliurudia mara mbili. Mimi ndugu yake wa tumbo moja nilikuwa sizijui hizo nyimbo hata nusu.

Alipomaliza wa nane Dada alimshika mkono wa shati. Hakuwa na sauti, ila midomo ilisomeka vizuri.

"Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Kuta zenyewe ni nyembamba," akasema Shemeji, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye ukosi. "Na wewe ulikuwa unafunga mlango. Niliona ukijua nasikia utaacha."

Akaimba wa tisa, wa kumi, na wa kumi na moja. Dada alikaa anamtazama, na pale alipopotea njia alimwonyesha kwa kidole: panda, shuka, shuka zaidi. Hakushuka. Hakuna aliyekumbuka kuzima, kwa hiyo mwishoni mwa rekodi yetu kuna dakika kumi na moja za watu watatu wazima wakipenga kamasi.

Upasuaji ulikwenda salama, uvimbe haukuwa ule mbaya, na Dada ni mzima. Sauti ile haikurudi. Nasema waziwazi kwa sababu watu hupenda kuniuliza huku wameinamisha kichwa kusubiri habari njema. Iliyorudi ni nyingine, nene na fupi ya pumzi. Inatosha kuita mtu aliye uani na kumgombeza mwenye mchakato, basi. Kuimba hapana. Zile siku za mwanzo aliposikia inavyotoka alifunga mlango wa jikoni akakaa humo peke yake saa nzima, na Shemeji akakaa nje ya mlango, chini, saa hiyohiyo.

Rekodi ipo. Wageni wakija huombwa wasikilize, na kwenye nyimbo sita za kwanza hukaa kimya kabisa, wengine hufuta macho. Ikifika katikati ya wa saba, wanacheka. Hawawezi kujizuia, na mimi siwalaumu. Mpiga kinanda alisema kuna njia ya kuinyoosha sauti ya Shemeji kwa kompyuta, irudi kwenye mstari. Dada alimwambia akiigusa atamvunja vidole.

Juzi nilifika kwao mchana, Shemeji akiwa ametoka. Nikamsikia Dada yuko stooni, anaisikiliza. Nikasimama nyuma ya godoro, si kwa kuchungulia, nilikuwa na beseni mkononi. Alianzisha wimbo wa kwanza, ikatoka sauti yake yenyewe, ile ya zamani. Akaisikiliza mstari mmoja. Kisha akauruka. Akauruka na wa pili, na wa tatu, akaruka zote sita moja baada ya nyingine, mpaka alipofika pale mumewe anapokohoa. Akavuta kiti karibu.